Milango Kumi na Mitatu ya Larkfield

*Imeachwa juu ya meza ya jikoni*
Larkfield 9, Halifax
Ijumaa, 27 Septemba 1985

Kwa Bwana na Bi. Tordoff,

Karibuni. Lori langu limekwisha kupakiwa na mpwa wangu anapiga honi nje, kwa hiyo naandika haraka haraka. Maziwa na mkate viko kwenye rafu ya baridi. Takataka huchukuliwa Alhamisi. Dirisha la chumba cha nyuma hufunguka ukilipiga chini kushoto kwa kiganja, si kwa ngumi. Marehemu mume wangu, Wilf, alitumia ngumi, na ndiyo maana kioo kimoja hakifanani na vingine. Maji ya nyumba nzima hufungwa chini ya ngazi, nyuma ya ufagio.

Sebule ya mbele haina kasoro. Tuliitumia siku za Krismasi, siku mchungaji alipokuja, na siku Wilf alipolazwa humo kwenye jeneza lake. Zulia lina miaka ishirini na sita na rangi yake bado ni ileile.

Mtaona kwamba nyumba hii ni rahisi kusafisha. Milango yote kumi na mitatu ni laini kutoka juu hadi chini, kitambaa kinapita mara moja tu basi. Majirani hawana bahati hiyo.

Mimi nahamia Morecambe, kwenye nyumba ndogo isiyo na ngazi, karibu na dada yangu. Anwani iko nyuma ya karatasi hii, endapo barua zangu zitapotea njia.

Wenu,
Bi. H. Ollerenshaw


Larkfield 9, Halifax
10 Novemba 1985

Mpendwa Bi. Ollerenshaw,

Asante kwa mkate. Tuliula tumesimama kwa sababu viti vilikuwa bado njiani. Dirisha limenitii. Keith, mume wangu, alitumia ngumi, nami nikamsomea barua yako kwa sauti.

Nakuandikia kwa sababu tumepata mshangao, na sina mwingine wa kumuuliza. Jumamosi iliyopita Keith alikuwa anatengeneza kitasa cha chumba chetu. Bisibisi ikateleza, uso wa mlango ukabanduka pembeni, na chini yake tukaona mlango mwingine. Ndio mlango wenyewe, wa tangu nyumba ijengwe enzi za Malkia Viktoria: msonobari mzito, vipande sita vilivyozama, na kila kipande kimezungukwa na ukingo wa nakshi. Juu yake mtu amepigilia hadibodi, ubao laini wa kiwandani, nyembamba kama biskuti, kwa misumari midogo mia moja na kumi na minane. Keith aling'oa mmoja mmoja akihesabu.

Milango yote iko hivyohivyo. Ule ukuta wa ngazini nao si ukuta. Ndani yake kuna nguzo hamsini na nne za mbao zilizochongwa, zimefungiwa kizuizini. Na sebuleni kwa mbele, nyuma ya ubao wenye hita ya umeme, kuna meko ya marumaru yenye mashada ya zabibu. Nililia, sikufichi. Nafanya kazi maktaba, vitu vya zamani ndio ugonjwa wangu.

Ni hayawani gani aliyefanya haya? Wewe na marehemu mmeishi na uharibifu wa mtu mwingine miaka yote hiyo, na bila shaka uliwauma. Kama unamjua, nitajie, nipate mtu wa kumlaani ninapobandua.

Wako,
Gillian Tordoff


Morecambe
16 Novemba 1985

Mpendwa Bi. Tordoff,

Barua yako imefika. Huku ni upepo tu, na dada yangu anasema nitauzoea.

Kuhusu zile mbao, alikuwa Bwana Garforth, daktari wa meno, aliyekuwa na nyumba kabla yetu. Yeye alikuwa mtu wa kuogopa vijidudu. Alitaka kila kitu kiwe laini kama chumba chake cha kung'olea meno. Sisi tulizikuta, tukaziacha. Marehemu Wilf hakuwa mtu wa kushika nyundo.

Kama mnabandua, mfunike zulia la sebuleni.

Wako,
Bi. H. Ollerenshaw


Larkfield 9, Halifax
2 Machi 1986

Mpendwa Bi. Ollerenshaw,

Zulia lilifunikwa, usiwe na wasiwasi. Milango tisa iko huru na Keith ana malengelenge.

Wakili ametukabidhi furushi la hati za nyumba, limefungwa utepe wa waridi, na nimelisoma kama riwaya. Sikiliza. Aliyeijenga, mwaka 1868, ni Josiah Sugden, mwenye kiwanda cha rangi za nguo. Aliijenga kwa ajili ya mkewe. Mke alikaa majira moja ya baridi, akasema moshi wa Halifax unamharibia kifua, akarudi kwa mamaye Skipton asionekane tena. Josiah akabaki na vyumba tisa na mbwa. Mwaka 1891 nyumba ikanunuliwa na dada wawili, Edith na Maud Priestnall, walimu wa piano. Kwenye magazeti ya zamani pale maktaba nimekuta matangazo yao: kila mmoja alitangaza kivyake, wiki hiyohiyo, kwamba Bi. Priestnall halisi ni yeye, na mlango wa kubisha ni wa kulia. Mwingine anasema wa kushoto. Walikaa humo pamoja miaka thelathini na mitatu. Kisha, 1924, daktari wetu wa meno. Kisha, 1959, ninyi.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi tarehe 17 Mei mtaa mzima utafungua nyumba zake kwa wageni, chai na keki, kuchangia paa la kanisa. Nitaandika historia ya nyumba na wenyewe wote kwenye kadi kubwa, niitundike ukumbini. Daktari Garforth nimempa aya ya peke yake: "Mtu huyu aliziba uzuri wote wa nyumba kwa hadibodi." Nimeiandika kwa wino.

Wewe ndiye mgeni wetu wa heshima. Utakuja?

Wako,
Gillian


Morecambe
7 Machi 1986

Mpendwa Bi. Tordoff,

Asante kwa mwaliko. Goti langu halipendi safari.

Nimefikiri juu ya ile aya ya daktari. Marehemu hawezi kujitetea. Pengine ingetosha kuandika kwamba milango "ilizibwa," bila jina la mtu. Wasomaji hawatauliza.

Wako,
H. Ollerenshaw


Larkfield 9, Halifax
20 Aprili 1986

Mpendwa Bi. Ollerenshaw,

Wasomaji watauliza, nawafahamu. Ndio wanaokuja maktaba kuniuliza nani aliishi nyumba ipi na kwa nini alihama.

Nina habari. Binti wa daktari yu hai. Anaitwa Rosalind Garforth, hakuolewa, anaishi Harrogate, na amenijibu kwa mwandiko mzuri sana. Tarehe 17 atakuja. Anasema hajaingia Larkfield tangu baba yake afariki, na nyumba iliuzwa na mawakili, hata hakujua nani aliinunua. Anataka kuona tena meko ya zabibu. Nanukuu: "Tulikuwa na mtumishi aliyeitwa Ada aliyekuwa akizisafisha zabibu hizo kwa mswaki mkuukuu wa Baba. Mara nyingi nimejiuliza alipotelea wapi."

Je, katika miaka yako mtaani ulipata kumsikia huyo Ada?

Kadi bado sijaitundika. Nimeianza upya, na aya ya daktari safari hii iko kwa penseli. Kama kuna jambo ungependa nilijue kabla ya siku hiyo, niandikie. Sina haraka nawe.

Wako,
Gillian


Morecambe
24 Aprili 1986

Mpendwa Gillian,

Nakuita kwa jina lako kwa sababu haya siwezi kumwandikia mtu ninayemwita Bi. Tordoff.

Ada ni mimi.

Nilizaliwa Hester Clegg. Niliingia Larkfield 9 kwa mlango wa nyuma, Januari 1932, nina miaka kumi na minne na sanduku la kadibodi. Mke wa daktari akaniuliza, "Unaitwa nani, msichana?" Nikasema Hester. Akasema, "Hilo ni jina kubwa mno kwa kazi hii. Hapa tunawaita Ada." Aliyenitangulia aliitwa Ada, na aliyemtangulia yeye pia. Nikawa Ada miaka saba.

Sasa nikupe habari za milango yako mizuri. Kila mlango una vipande sita, kila kipande kina kingo nne, na mlango una pande mbili. Kuna milango kumi na mitatu. Zidisha wewe uliyesoma. Vumbi la Halifax siku hizo lilikuwa masizi ya viwanda, jeusi, lina mafuta, ukilipuliza linakucheka. Nilifunga kitambaa kwenye kidole na kupita ukingo mmoja mmoja, kila siku ya Mungu, familia haijaamka. Kisha zile nguzo hamsini na nne. Kisha meko tano, kuzoa majivu, kuzipaka dawa nyeusi, kuziwasha. Zile zabibu ulizozililia zina vijitundu katikati, na masizi hayakupenda pengine ila humo. Habari ya mswaki ni kweli.

Saa tatu mama mwenye nyumba alishuka na glavu nyeupe kwenye mkono mmoja. Alichagua mlango mmoja, apendao yeye, akapitisha kidole. Glavu ikichafuka, nilianza upya yote kumi na mitatu.

Daktari mwenyewe hakuwa na ubaya. Aliwahi kuning'oa jino akanishika mkono nilipolia. Na ndiye niliyempaka matope.

Vita vilipoanza nikaenda kiwandani, ambako waliniita Hester, na huko nikampata Wilf. Baadaye akawa dereva wa basi. Mwaka 1959 alipita Larkfield akaona bango la kuuza. Nyumba hizo hazikuwa na mtu wa kuzitaka wakati ule. Watu walitaka vijumba vipya vyenye bafu la waridi. Wilf alijua yote kuhusu Ada. Siku tuliyopewa ufunguo tuliingia kwa mlango wa mbele, na kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Haya, mama mwenye nyumba, toa amri. Tuanze na rangi?" Nikamwambia, "Wilf, mimi sitaki kuona ukingo hata mmoja."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki.

Alifanya kazi hiyo miezi mitatu, kila akitoka zamu, bado na sare yake ya basi. Mimi nilishikilia mbao, na misumari niliibana midomoni nikimpa mmoja mmoja. Hiyo misumari mia moja na kumi na minane aliyoihesabu mumeo yote ilipita kinywani mwangu. Mlango wa mwisho ulipokwisha nilichukua kitambaa nikakipitisha kutoka juu hadi chini mara moja, nikakaa sakafuni, na Wilf akakaa karibu nami. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena, hata siku ya harusi.

Sebule ya mbele ndiyo sikuiweza. Nilinunua viti vitatu vizuri na sikuvikalia. Nilisimama mlangoni nikivitazama. Wilf alikuwa akinitania, "Unangoja kuitwa?" Na kweli, nilikuwa nangoja.

Uliuliza ni hayawani gani. Ni mimi. Mbao sizijutii, sitakudanganya mara ya pili. Kinachoniuma ni kwamba nilikuandikia Wilf hakuwa mtu wa kushika nyundo. Nilimkana mume wangu ili mwanamke wa maktaba asije akajua kuwa nilikuwa mfuta vumbi.

Mwandike daktari vizuri. Mimi sitakuja. Siwezi kusimama ukumbini mbele ya Bi. Rosalind, watu wanasoma ukutani kwamba nyumba ya wenyewe iliharibiwa na mtumishi.

Hester Ollerenshaw


Larkfield 9, Halifax
28 Aprili 1986

Mpendwa Hester,

Mwanzoni mwa mwezi huu, Keith alipobandua mlango wa kumi na mbili, aliona muhuri wa kiwanda nyuma ya hadibodi: 1960. Daktari alikuwa kaburini tayari. Kwa hiyo nilijua umenidanganya, ila sikujua kwa nini. Nilidhani ni ile aibu ya kawaida. Wazazi wangu pia waliziba meko yao miaka ile, na leo ukiwagusia wanabadilisha mazungumzo. Nikaiacha kadi kwa penseli, nikangoja. La Ada sikulifikiria hata kidogo, na ningelijua nisingelinukuu vile. Nisamehe.

Na nisamehe kwa neno lile. Leo asubuhi nilifunga kitambaa kidoleni nikafuta mlango wa chumba chetu, upande mmoja tu. Dakika kumi na moja. Nilipomaliza nilikuwa na hasira, na hata sikujua ya nani. Keith aliniuliza kama bado ninampenda Josiah Sugden na nakshi zake. Nikamwambia anyamaze.

Mlango wa kumi na tatu ni wa kabati la chini ya ngazi. Keith alikuwa ameshainua patasi nilipomsomea barua yako. Ameirudisha kwenye sanduku. Mlango huo unabaki kama Wilf alivyouacha. Keith amesema nikuandikie kwamba amekwisha kubandua kazi ya mafundi wengi, na huyu hakupinda msumari hata mmoja.

Hii ndiyo kadi, kwa penseli. Ukiikataa naifuta.

"1868, Josiah Sugden, aliyeijenga kwa ajili ya mtu asiyeipenda.
1891, Edith na Maud Priestnall, kila mmoja mwenye nyumba.
1924, Lionel Garforth, daktari wa meno, na familia yake. Aliyeifanya ing'ae kuanzia 1932 hadi 1939 ni Hester Clegg.
1959, Hester na Wilfred Ollerenshaw, walioinunua, wakaifunika kingo zake zote, na walikuwa na sababu.
1985, Gillian na Keith Tordoff, wanaofuta vumbi wenyewe."

Bi. Rosalind sijamwambia neno. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako. Lakini ukutani pale, Hester, hakuna nyumba ya wenyewe na mtumishi. Mwenyewe ni wewe, miaka ishirini na sita. Kati ya wote hao, waliokaa zaidi yako ni wale dada wa piano na daktari tu.

Keith atakuja kukuchukua kwa gari, mlangoni kwako, saa mbili asubuhi. Goti halina neno.

Gillian


Morecambe
29 Aprili 1986

Gillian,

Wino.

Na mwambie Keith saa mbili unusu. Nataka kwenda kutengeneza nywele.

Hester


Morecambe
19 Mei 1986

Gillian mpenzi,

Nilifika salama, na Keith ni dereva mzuri ingawa si kama Wilf. Dada yangu amekula kile kipande cha keki ulichomfungia na anadai cha pili.

Nakuandikia kwa sababu ulikuwa uani unagawa chai, na kuna mambo hukuyaona.

Bi. Rosalind alifika saa nane. Amezeeka, na amekuwa mfupi. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya ukumbi, nyuma ya kofia za wale akina mama wa kanisa. Akavaa miwani, akasoma kadi yote, taratibu. Akairudia. Kisha akageuka akanitazama, akanijua.

Akasema, "Hester."

Hakuna mtu wa familia ile aliyepata kuniita hivyo.

"Sikujua hata siku moja kwamba hilo ndilo jina lako," akasema.

Nikamwambia, "Hukuuliza, Bi. Rosalind."

"Sikuuliza," akasema. Hakujitetea, na nikamheshimu kwa hilo.

Tukaingia sebuleni kwa mbele, sisi wawili. Umeipanga vizuri. Nikasimama mlangoni kama kawaida yangu, lakini goti likakataa upuuzi huo, nikakaa kwenye kiti cha kijani. Akakaa mbele yangu. Tukaongea habari za baba yake, za viwanda vilivyofungwa, za Wilf. Nilimweleza juu ya hadibodi, na misumari mdomoni, akacheka mpaka akafuta macho. Akaniambia kumbe na yeye alikuwa akiiogopa ile glavu, maana mama yake aliipitisha pia kwenye vitabu vyake.

Kisha chai yake ikaisha. Alikuwa anatazama zabibu za kwenye meko, anaongea, na bila kunitazama akanyoosha mkono wenye kikombe upande wangu. Nami, Gillian, mkono wangu ulikwenda kukipokea. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu.

Tukakitazama kile kikombe sote wawili. Uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni. Akakirudisha kwake. Akaja akachukua na changu mapajani pangu, akaniuliza, "Jikoni bado ni kule kule?"

"Shuka ngazi tatu," nikamwambia, "kisha kulia."

Akaenda. Nikasikia maji yanafunguliwa, yanatiririka muda mrefu mno kwa vikombe viwili, halafu kitu kikapasuka. Alirudi mikono imelowa hadi kwenye viwiko, na pambo la mkono wa gauni lake lote povu. Ni kile kikombe chako chenye maua ya buluu, mpini umekatika. Ameniomba nikuambie mimi kwa kuwa yeye anaona haya. Nilimwambia haidhuru, mimi nilivunja viwili mwaka 1934 na mama yake hajui mpaka leo.

Alikuwa amesahau visahani vya vikombe, akarudi kuviosha navyo. Mimi muda wote huo nilikuwa nimekaa.

Wako,
Hester Ollerenshaw